Pingili Moja

Nafasi kati ya tairi na madigadi
ilinikera tangu siku ya kwanza:
ngumi yangu nzima inaingia, na gumba linacheza humo.
Gari kama mtu aliyevaa suruali fupi
akasimama mlangoni mwa arusi ya wenyewe.

Kigari kidogo, cheupe, milango mitano.
Nilikinunua Barka kwa mwalimu wa jiografia
aliyekuwa akikifunika shuka kila adhuhuri.
Sikutaka kiwe chui. Nilitaka tu kikae vizuri.

Nikaenda sanaiya ya Maabela baada ya Alasiri,
lami bado inapumua kama tanuri lililofunguliwa.
Shaji, mtu wa Kerala, akanipangia kauntani
springi za rangi tatu.

Nyekundu, inashusha sentimita tano.
"Hii ya vijana," akasema kwa Kiarabu chake cha gereji,
"na ya kuninunulia mimi shokapu mpya kila mwaka."
Buluu, nne. Akaigonga kwa spana, ikalia kama kengele.
Nyeusi haikuwa hata na kibandiko cha kujisifia:
mbili na nusu,
mizunguko ya juu imebanana, ya chini imeachana,
laini mwanzo, mzigo ukizidi ndipo inapokaza.

Kuna na njia ya binamu yangu Yaarub.
Yeye alikata zile za kiwandani kwa grainda,
akaokoa riali arobaini,
na sasa kila tuta la Khoudh
linamhesabia pingili za mgongo, moja moja, bila kuruka.

Bei nilivutana kwa Kiarabu.
Hesabu niliifanya moyoni kwa Kiswahili.
Nyeusi nikazibeba nyumbani, nikaziweka juu ya meza ya jikoni.

Mama akazitazama kama samaki asiyemjua jina.
"Linashuka kiasi gani?"
Milimita ishirini na tano, mama.
"Hizo mimi sizijui."
Akainua kidole cha shahada, kidole cha Wete,
akaweka gumba kwenye pingili ya kwanza,
pale anapopimia maji juu ya mchele tangu sijazaliwa.
"Hivi?"
Hivyo hivyo.
"Basi usizidishe. Ukizidisha si wali tena, bokoboko."
Kisha, amenipa mgongo, anaosha kikombe kilichokwisha kuoshwa:
"Na goti langu je? Kushuka nitashuka. Kunyanyuka?"

Hilo hakuna springi iliyoandikwa.

Usiku wa Alhamisi Shaji akalipandisha gari jeki.
Akaibana springi ya zamani kwa vyuma viwili, taratibu,
uso ameuweka pembeni;
springi iliyobanwa, alisema, haina rafiki.
Boliti za bushi hakuzikaza gari likiwa hewani.
Alilishusha kwanza, likabeba uzito wake,
ndipo akalala chini ya taa, akakaza,
mpira usije ukaishi umejipinda.
Halafu alaimenti: tairi ya kushoto ilikuwa ikitazama jirani.

Nikarudi kwa njia ya matuta, kusudi.
La kwanza, kimya.
La pili, kimya.
La msikitini, lile lililojengwa na mtu mwenye hasira,
likanikwangua kidogo tu, kama ukucha.
Na siku wadi ikishuka hakuna gari refu,
sote tutangoja ng'ambo, wa juu na wa chini.

Jumanne, siku ya mama ya mazoezi hospitali,
alisimama kwanza kando ya gurudumu la mbele,
akaingiza mkono chini ya madigadi:
vidole vitatu, cha nne kikagoma.
Akaguna. Akaketi, akageuka, akaivuta miguu ndani,
wa kulia kwanza, kama alivyofundishwa.
Kule alinyanyuka kwa kushika mlango na bega langu,
kama siku zote, labda kwa pumzi moja zaidi.
Hakusema kitu, nami sikuuliza.

Wiki ya pili springi zimelala,
zimeshuka milimita tatu nyingine.
Sijamwambia.